Begi Lililotangulia Ruiru

Surekha hakati kitambaa siku ya Jumanne, eti ni siku ya mkosi. Mimi nimeshona kwenye baraza ya duka lao hapa Thika tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni, na huyo mtoto sasa ana ndevu, lakini sijawahi kumwona Surekha akitia makasi kwenye kitambaa Jumanne. Mteja akija na haraka zake, atamwagizia chai, atamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, atamzungusha mpaka achoke, halafu amwambie arudi kesho. Zamani nilikuwa nikimcheka. Siku hizi hata mimi Jumanne mkono unasita.

Usije ukadhani ni mjinga. Alizaliwa Ruiru, nyuma ya duka la baba yake la magunia na kamba, akaletwa Thika akiwa bi arusi mdogo asiyejua hata soko liko wapi, na duka la vitambaa unaloliona leo ni yeye aliyelisimamisha. Mumewe, Mzee Arjun, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha mlangoni na kukataa. Akiletewa bei, anakataa. Akionyeshwa kitambaa kipya, anakataa. Akiletewa kalenda ya bure anakataa pia, haki ya Mungu. Surekha alikuwa akipita nyuma yake polepole, akitafuta njia ya mzee kukubali bila kuonekana amekubali. Ndoa yao yote ilikwenda hivyo, na mimi niliyewaona kila siku nakwambia walipendana.

Jambo moja tu ndilo lililomshinda. Binti yao wa pekee, Nimisha, yule niliyemshonea sare tangu nasari, alipendana na Odhiambo, mhandisi wa maji aliyekutana naye kazini. Kijana mrefu, mpole, akifika mlango wa mtu anavua viatu kabla hajaambiwa. Mzee Arjun akasimama dukani mbele yetu sote akaapa: "Nimisha akiolewa na huyo, hatakanyaga tena kizingiti cha nyumba yangu. Akikikanyaga, mimi natoka na sirudi."

Wiki ya harusi akalainika. Akashonesha suti ya kijivu, akasema atakwenda. Mimi nilitangulia Kisumu na blauzi ya harusi niliyoishona kwa mikono yangu, nikakaa kando ya viti viwili vilivyofungwa utepe. Hakuna aliyevikalia. Saa ya sherehe ilipofika Surekha akapiga simu: "Papa yako tumbo limemsumbua kidogo." Nimisha akasema, "Sawa, Mama," akarudisha simu mkobani, akatoka kwenda kuolewa. Tangu hapo, mwaka wa tisa huu, hajasema na baba yake, na baba yake hajasema naye. Suti ikabaki kwenye kabati.

Halafu moyo wa mzee ukaanza kuchoka. Alikuwa akipanda ngazi tatu za duka anasimama kushika ukuta. Daktari alimwita Surekha pembeni, akamwambia wasipange mambo ya mbali sana. Surekha alirudi dukani siku hiyo akakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa, akavikunjua, akavikunja tena. Nilimwacha tu.

Habari ya meli ililetwa na Sadruddin, mwenye duka la vipuri lililoangaliana na letu, rafiki wa mzee tangu wakicheza gololi. Sadruddin anapenda safari kuliko chakula. Alisema kuna meli kubwa ya watalii inatoka Mombasa, inapita Zanzibar, inakwenda Ushelisheli, ina vyumba na bwawa la kuogelea, watu wanakula mpaka wanashindwa kufunga mshipi. Twendeni sote, familia na marafiki, kabla hatujazeeka zaidi. Mzee Arjun akakataa, kama kawaida. Lakini asubuhi iliyofuata Surekha alimwekea chai, akasema bila kumwangalia: "Meli si nyumba yako."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti napima pazia la mteja. Nikajifanya sisikii.

"Meli ina wenyewe," Surekha akaendelea. "Mtu akipanda meli hajakanyaga kizingiti cha mtu."

Mzee alikunywa chai yake siku kadhaa. Kisha siku moja akaweka kikombe chini, akatangaza: "Meli ina wenyewe," kama vile ni yeye aliyeligundua. Surekha akasema ni kweli, hakuwa amefikiria hivyo. Aliingia nyuma ya duka, na nilipomfuata nilimkuta anajipangusa macho kwa kipande cha satini.

Nimisha alikubali, ila alinipigia mimi kwanza. "Anti Mwongeli, nitasimama pale getini bandarini. Nikimwona Papa kwa macho yangu, ndipo nitapanda. Asipokuja mara hii, basi. Mimi sina baba, na msinitafute tena." Sikumwambia mama yake maneno hayo mpaka siku ilipokaribia. Nilipomwambia, akaanza kutafuta siku njema ya safari.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Meli ilikuwa ya Jumamosi. Surekha akafungua almanaka yake, akashika kichwa: Jumamosi mtu haendi upande wa jua linakochomoza, na Mombasa iko huko huko. Lakini watu wa kwao wana dawa ya hilo, wanaiita pastanu. Kama siku ya safari ni mbaya, unatanguliza begi lako siku nzuri, saa nzuri, likakae kwa mtu mwingine huko njiani. Safari yako inahesabiwa imeanza pale begi lilipotoka nyumbani. Ile siku mbaya ikifika, wewe huanzi safari. Unalifuata begi lako tu. Na likishatoka, halirudi nyumbani, na wewe mwenyewe hurudi, la sivyo umeivunja safari.

Kwa hiyo Jumatano begi likatangulia Ruiru, kwa Aarti, rafiki yake wa utotoni. Begi lenyewe nililishona mimi, jekundu, la turubai nyepesi. Nilimwona akitia sari mbili, shati la mzee, nazi moja na mchele kidogo uliofungwa kwenye leso. Nikamuuliza kama hayo yanatosha kudanganya siku. Akanitazama vibaya. "Hatudanganyi mtu, Mwongeli," akasema. Ningejua alichokuwa anamaanisha ningelifungua lile begi pale pale na kulimwaga sakafuni.

Jumamosi tulitoka Thika mapema. Ndugu yangu Muoki ndiye alikuwa dereva, na Probox yake ameiosha mpaka magurudumu. Sadruddin na mke wake walikuwa wametangulia Mombasa tangu jana. Mlangoni Surekha alitulisha kila mmoja kijiko cha maziwa lala na sukari, ili njia iwe tamu. Mzee Arjun alikuwa amevaa suti ya kijivu. Ile ile. Usiku wa kuamkia Ijumaa ndipo niliipunguza kiunoni, maana mwili umekwisha, na wakati naipunguza nilikuta mfukoni bado kuna kadi ya mwaliko wa Kisumu. Niliirudisha humo humo. Njiani kila tulipopitwa na gari mzee alikuwa akimgusa Muoki begani aongeze mwendo.

Kwa Aarti tulikuwa tunapita tu. Tuchukue begi, tusalimiane, tuendelee na safari ya uwanja wa ndege. Aarti akatufungulia geti mwenyewe, anacheka, mikono imejaa unga wa chapati. Surekha akapanda barazani moja kwa moja mpaka pembeni ya mlango, mahali alipoliweka Jumatano kwa mkono wake. Alikuwa amemkataza Aarti kuliingiza ndani, eti lisije likajisahau kwamba liko safarini. Akasimama pale. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia nyuma ya maua.

"Aarti," akasema, "begi langu?"

Uso wa Aarti nilivyouona ukibadilika, nikajua. Akina mama wa hekalu la Ruiru walikuwa wanakusanya nguo za watu wa Ngoliba, kule chini kwetu, ambako mvua imekataa msimu wa pili sasa. Baraza ya Aarti ndiyo ilikuwa stoo. Jana asubuhi pikapu ya kanisa ilikuja, vijana wakapakia kila kilichokuwa barazani, Aarti akiwa sokoni. Begi lenye sari na shati, nani angejua si msaada?

Nikasema, haya, si neno, sari zitanunuliwa Mombasa, twendeni. Hata nikapiga makofi kuwachangamsha. Ndipo Surekha akakaa chini, pale pale kwenye simiti, na sari yake nzuri.

"Pasipoti," akasema.

"Pasipoti gani?"

"Zetu. Mimi na Papa. Ziko ndani. Na vitambulisho."

Ngai! "Mama Nimisha, kwa nini? Kwa nini utie pasipoti kwenye begi la nazi?"

"Nguo tupu si safari," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mtu hutanguliza kile ambacho hawezi kusafiri bila hicho. Ningetanguliza sari mbili za zamani ningekuwa ninacheza na Mungu. Na safari hii, Mwongeli, mimi sikutaka kucheza."

Bila kitambulisho hupandi ndege, bila pasipoti hupandi meli. Nikampigia Kaleli, mzee wa kanisa letu kule Ngoliba, ambaye ndiye huwa anapokea misaada. Mteja hapatikani. Nikampigia tena, na tena. Kaleli akiwa kanisani anazima simu, hata kama anafagia tu. Nikageuka nikamwona Mzee Arjun amesimama kando ya gari, mkono juu ya mlango. Yule mtu ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu, hata maji ya kunywa, alinitazama akasema:

"Mwongeli, kimbia."

Tulikimbia, mimi na Muoki. Sasa fikiria: kutoka Ruiru tunarudi Juja, tunarudi Thika, tunaipita nyumba ile ile tuliyotoka asubuhi, halafu tunateremka kwenye vumbi la Ngoliba, na Mombasa inazidi kuwa mbali kila tunavyokwenda. Muoki aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Kwenye mashamba ya mananasi trekta ikatukalia mbele na matrela yake mawili, mwenyewe anapiga mluzi. Nilitoa kichwa dirishani nikamtukana kwa Kikamba, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Akanipungia mkono.

"Tulia, sista," Muoki akasema. "Tutafika."

"Usiniambie nitulie! Kanyaga mafuta!"

Simu ikalia. Sadruddin, anafurahi kama mtoto. "Mwongeli! Nimeiona! Kubwa, hata stendi yote ya Thika inaingia! Nimisha amefika, amesimama pale kwenye kivuli na bwana wake. Nyinyi mko wapi?"

"Tunakuja," nikasema, nikakata. Machozi yalinitoka, ya hasira.

Kaleli tulimkuta mlangoni mwa kanisa, amevaa koti juu ya koti katika jua la Ngoliba, na ndani mabegi na magunia yamepangwa mpaka madhabahuni. Lile jekundu nililiona mara moja, katikati. Nikasalimu mbio mbio, nikasema limekuja kimakosa, nikapita. Akanishika mkono.

"Mwiitu wa Mulei," akasema. Baba yangu alikuwa Mulei, na Kaleli huniita hivyo anapotaka nijue mimi bado ni mtoto. "Hapa kuna kamati. Mwaka jana mtu alikuja hivyo hivyo, akasema begi ni lake, akaenda na mablanketi ya wajane. Tumngoje mwenyekiti wa akina mama."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda kuchota maji. Anakuja."

Kuchota maji Ngoliba kiangazi! Si leo wala kesho. Nikamwambia Kaleli maneno ambayo hayafai kusemwa kanisani, halafu nikamwomba msamaha, halafu nikalia. Nilimweleza yote: mzee, moyo, binti getini. Nikamwambia afungue mwenyewe, akikuta humo hakuna nazi na pasipoti mbili za Wahindi, anifunge mimi na Muoki ndani ya hilo kanisa mpaka mvua inyeshe. Kaleli akafungua. Akaitoa nazi, akaigeuza. Akatoa leso ya mchele. Chini kabisa, zimefungwa kwa uzi mwekundu, pasipoti. Akafungua moja, akaiangalia picha ya Mzee Arjun amekunja uso.

"Huyu ndiye anayegombana na mtoto wake?"

"Ndiye."

"Uso wenyewe unasema," akasema. "Basi chukua. Lakini hakitoki kitu nyumba ya Bwana bila maombi."

Nikafumba macho nikajua nimekwisha. Mtu asiyemjua Kaleli hajui maombi. Aliombea begi. Akaombea walioleta na waliopakia. Akaombea mvua, mto, ng'ombe, barabara yetu ambayo kila kampeni huahidiwa lami. Kila alipovuta pumzi nilipaza "Amina!" ili aelewe, naye alichukulia ni kutiwa moyo, akaendelea. Akafika kwa wasafiri wa majini. Lakini mwishoni alisema, "Na yule mzee, Bwana, mlainishe kabla hujamwita," na hapo mimi niliitika kwa moyo wangu wote.

Kurudi ilikuwa mbaya zaidi. Juja palikuwa na jam, lori limelala upande, magari yamezima injini, watu wametoka wanapiga picha. Nililikumbatia lile begi kwenye mapaja yangu na nazi ikinigonga goti. Sadruddin alipiga simu tena na furaha yote ilikuwa imemwisha. "Mwongeli, ndege yenu imefika na nyinyi hamumo. Nimisha ananiuliza mimi. Nimwambie nini? Geti linafungwa saa nane."

"Mwambie tunakuja!"

"Nimeshamwambia hivyo. Sasa haniangalii usoni."

Tulipoingia kwa Aarti ilikuwa saa sita imepita. Aarti alikuwa amepiga simu kila mahali na sauti imemkauka: ndege ya mchana imejaa, na inayofuata ingefika meli imekwisha kuondoka. Mzee Arjun alikuwa kwenye kiti barazani, suti imefungwa vifungo vyote, mikono magotini. Aliliona begi, akaniona mimi, akayarudisha macho kwenye geti. Nilitaka kulitupa lile begi ukutani. Nilikuwa nalo mkononi, lina kila kitu, na halikuwa na faida hata ya senti.

Surekha alikuwa ndani, nasikia anaongea na simu. Nikaingia. Alikuwa amegeukia ukuta, anaongea taratibu, kwa ile sauti yake ya kumzungusha mteja wa Jumanne.

"Hapana, mwanangu, si hivyo. Papa yako... tumbo limemsumbua kidogo."

Mungu wangu. Tumbo! Sijui nilivuka kile chumba namna gani. Nilimpokonya ile simu, mimi niliyemheshimu miaka yote hiyo.

"Nimisha! Sikiza wewe. Hakuna tumbo. Tumbo la baba yako lingesaga hata kokoto. Amevaa suti ya harusi yako tangu alfajiri, amekaa hapa Ruiru anaangalia geti."

"Anti, tafadhali." Sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Msijisumbue kunitungia hadithi. Mngesema tu amekataa."

"Hakukataa! Mama yako ndiye alitia pasipoti kwenye pastanu!"

Nyuma yake nilisikia watu wengi na kipaza sauti kinaita majina.

"Alifanya nini?"

"Pastanu! Alitanguliza begi kwa Aarti, akatia pasipoti na vitambulisho, eti nguo tupu si safari. Wakalibeba wakafikiri ni nguo za msaada, wakalipeleka Ngoliba. Nimekwenda kulitoa kanisani kwetu sasa hivi, Kaleli ameliombea karibu lichanike. Hili hapa. Na nazi yenyewe hii hapa!"

Nikasikia kitu kwenye simu, sikujua kama analia au anacheka. "Pasipoti," akasema. "Kwenye pastanu. Mama..." Nikatoka mbio barazani nikamsukumia Mzee Arjun simu sikioni.

"Sema naye, Mzee! Sema kitu!"

Alifungua mdomo. Nakuapia aliufungua. Mkono wake ukanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikaniuma. Hakuna neno lililotoka. Sote tulisikia honi ya meli kwenye ile simu, ndefu, na baada yake simu ikakatika. Nikapiga tena. Mteja hapatikani.

"Kwa nini hukusema?" nilimfokea. Nilimfokea mzee mgonjwa, ndiyo. "Miaka tisa, na hukuwa na neno moja?"

"Ningesema nini?" akasema. "Kwamba niko Ruiru?"

"Ndiyo! Kwamba uko Ruiru!"

Akainamisha kichwa. Surekha akaja akakaa chini kando ya kiti chake, akaweka begi mapajani, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ingekuwa afadhali wangegombana. Sadruddin akapiga simu kutoka melini, sauti inapotea potea: wameondoka, amezunguka sehemu zote za chakula, hajamwona Nimisha wala Odhiambo, hajui kama walipanda. Kisha na yeye akapotea. Tulibaki hatujui yule mtoto yuko baharini au nchi kavu, na simu yake imezimwa.

Jioni Muoki akasema awarudishe Thika, mzee akalale kwenye kitanda chake. Surekha akatikisa kichwa. "Tumeshatoka," akasema. "Tukirudi tumeivunja."

"Mama Nimisha, safari gani? Meli imekwenda!"

"Tumeshatoka," akasema Mzee Arjun. Aarti akawatandikia kitanda cha wageni, na mimi nikapewa kochi. Mara ngapi niliipiga ile namba kabla ya usingizi, sijui. Nilikuwa naomba, na ombi langu lilikuwa fupi kuliko la Kaleli.

Jumapili walioenda kanisani walikuwa wameanza kurudi, nami nilikuwa namsaidia Aarti kuchambua dengu, geti likagongwa. Aarti akafungua. Alikuwa Nimisha, nywele hazijachanwa, viatu vya safari, macho yamevimba, na nyuma yake Odhiambo amebeba masanduku mawili. Hawakuwa wamepanda. Walisimama pale bandarini mpaka meli ikatoka, simu ikaisha moto, wakatafuta ndege ya kwanza ya asubuhi. Surekha aliinuka, akakaa tena.

"Ingia, mtoto, ingia," Aarti akasema.

Nimisha hakuingia. Alisimama nje, vidole vya viatu vyake kwenye chuma cha geti, akimwangalia baba yake pale juu barazani. Mzee alikuwa na ile suti ya jana, imekunjamana, ameshika nguzo. Nilitaka kupiga kelele. Nilijua anavyokataa, nimemwona akikataa nusu ya maisha yangu. Nikaona mdomo wake unafunguka kama jana, na nikasema moyoni, Ngai, usimwache tena.

"Hii si nyumba yangu," akasema. Akavuta pumzi. "Ingieni."

Odhiambo alikuwa ameshaweka masanduku chini, ameinama, anafungua kamba za viatu.